Jahla Hununuliwa kwa Jasho

Sokoni Nizwa, Oman, mnunuzi mgeni huanza na umbo: shingo imekaaje, tumbo limeviringana vipi. Hayo ni ya macho tu. Jahla, mtungi wa udongo mtupu unaofinyangwa Bahla, kilomita 40 hivi kutoka hapo, kazi yake ni kupoza maji, nayo huyapoza kwa kutoa jasho linalokauka nje.

Igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia wazi, endelea. Ikijibu kwa sauti butu, ina ufa, irudishe. Kisha tia tone la maji ubavuni. Likinywewa upesi, vizuri. Likisimama kama shanga, pana mafuta.

Lakini tone huonja ngozi ya nje peke yake, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ukuta wa jahla umejaa vinyweleo, na wanafizikia huvichukulia kama mirija. Mrija mwembamba huvuta maji wenyewe: wenye nusu kipenyo cha milimita 0.1 huyapandisha sentimita 15 hivi. Sasa tia mafuta kidogo katikati ya kinyweleo cha elfu moja ya milimita. Kipande hicho huyakataa maji, na kuyapenyeza kwa nguvu kungehitaji kimo cha maji cha mita kadhaa. Jahla yako haina hata nusu mita. Basi kinyweleo kizima kimeziba, hata kama ncha zake zote mbili ni safi.

Kwa hiyo omba uijaze na kuilaza usiku kucha. Kwa hesabu ya mkemia Washburn ya 1921, maji hupenya kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda: ukuta ukiwa mnene mara mbili, subira ni mara nne. Usiihukumu jahla nene kwa saa ya kwanza. Asubuhi pitisha kiganja. Unyevu uwe sawasawa. Baka kavu ni vinyweleo vilivyoziba, mchirizi ni ufa. Mimi huogopa zaidi baka, maana mchirizi hata muuzaji anauona.

Jahla iliyosifiwa bara, Nizwa au Ibra, ikikupa maji ya vuguvugu Sur, usimlaumu mfinyanzi: hewa ya pwani ina unyevu, jasho halikauki.

Ukikuta iliyotumika, uliza ilitiwa nini. Kama ni samli au maziwa, muuzaji atakuapia kwamba imeoshwa kwa sabuni. Mwachie.