Mkwaju wa Bakulini

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi anaishi Geita, aliniita nikautazame mkwaju wake. Una urefu wa futi moja na nusu hivi, nao umepandwa katika bakuli la saruji alilolitengeneza mwenyewe. Alitaka niseme ninachokiona bila kumwonea haya. Nasema, na ruhusa amenipa.

Wajapani huiita sanaa hii bonsai, yaani kilichopandwa katika sinia, nao waliipata China. Mti wenyewe si wa mbegu ya kibeti kama wengi wanavyodhani. Ni mti wa kawaida, unaozuiwa kukua kwa kupunguzwa mizizi na matawi. Na aghalabu ulio bora huchimbwa porini, ukiwa umekwisha kuteswa na ng'ombe, moto na panga. Kwa mali hiyo sisi wa Shinyanga tu matajiri. Miti yetu ilifyekwa kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o, kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliohimiza ngitili za Wasukuma. Sehemu kubwa ya miti iliyorudi katika ngitili hizo haikupandwa na mtu. Ni visiki vilivyoachwa vipumue.

Mkwaju huu ulitoka kando ya maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambako miti hukatwa iwe matimba ya kuzuia kuta za shimo. Aliuchimba mvua za kwanza zilipoanza, akauachia mizizi myembamba pamoja na udongo wake. Hapo alinishinda. Wangu wa kwanza niliung'oa mwezi wa Agosti, nikaiosha mizizi mpaka ikang'aa, na siku hiyo hiyo nikaufunga waya. Krismasi haukuiona.

Shina ni zuri mno: nene kama kiwiko changu, limeinama upande mmoja, na mizizi imeshika udongo kama vidole vya kuku. Laiti angeishia hapo! Kwa waya wa shaba ameyakunja matawi yote yatazame chini, ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye ncha kali. Huo ni msonobari. Matawi ya msonobari hushushwa na uzito wa theluji, na Geita theluji haijapata kuanguka. Mkwaju mzee hauna ncha. Kichwa chake ni mviringo, kipana, kinachotosha kuwapa kivuli wazee wa baraza zima. Huko Afrika Kusini, Charles Ceronio aliutetea mtindo wa mgunga wenye kichwa bapa, uliopewa jina la mchoraji Pierneef, kwa kuwa ndivyo mgunga ulivyo. Nasi tuna migunga mlangoni.

La pili linaniuma zaidi. Ubavuni mwa shina palikuwa na kovu la panga. Amelichonga likawa laini, akalipaka dawa ya chokaa na salfa, likawa jeupe kama mfupa. Japani weupe huo huiga miti ya jamii ya mtarakwa iliyokaushwa na upepo wa milimani. Hapa umefuta habari ya mtu aliyehitaji boriti, akakata, akashuka shimoni. Mti mwingine wowote duniani ungeweza kuwa na kovu hili jipya.

Nilipomweleza, alicheka kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "picha zote nilizopata ni za Kijapani. Nawe darasani ulituchorea mti ubaoni, tukaunakili."

Kweli niliwachorea. Pembetatu juu ya kijiti, miaka na miaka, na aliyechora vingine nilimpunguzia alama.

Jioni, majani ya mkwaju yalipoanza kujikunja, alileta koleo tukakata waya wa tawi la chini, kipande kwa kipande ili gome lisichubuke. Kovu lisingeweza kurudi. Tawi nalo lilibaki limeinama vilevile.