Beseni la ndoana na upepo wa Mweru

Dhulumati nyingi, yaani kamba ndefu za ndoana nyingi, huharibikia mtumbwini, katika zile dakika mvuvi anapozirudisha ndani akiwa na haraka ya kuwahi wanunuzi wa Nchelenge au Kashikishi, Zambia. Kamba mama ndefu yenye ndoana mia moja ikishajisokota, asubuhi nzima imekwenda.

Upangaji wa dhulumati katika Ziwa Mweru unaeleweka ukianza na upepo. Kiangazi unavuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki. Mtegaji huanzia goshini, unakotoka upepo: anashusha nanga na boya la kwanza, kisha anauacha mtumbwi usukumwe huku ndoana zikitoka moja moja. Kutegua ni kinyume. Anashika boya la demani, uendako upepo, na kupanda kuelekea upepo, mtumbwi usije ukaipanda kamba. Ujanja wote uko hapo: ncha iliyotoka mwisho inaingia kwanza na kulala chini kabisa, na ncha ya goshini inabaki juu, tayari kutangulia safari ijayo. Anayeanza kutegua goshini atalazimika kuipindua kamba yote akifika nchi kavu. Kwenye Mto Luapula, mkondo ndio unaoshika nafasi ya upepo.

Chombo cha kukunjia kamba hakihitaji fahari. Beseni la plastiki linatosha, au dumu lililokatwa ubavu, lenye ukanda wa raba ya kandambili ukingoni. Kila ndoana inachomekwa kwenye raba kwa zamu yake, zote zikielekea upande mmoja, bila kuruka hata moja. Tawi, yaani uzi mfupi unaoshika ndoana, linaning'inia kwa ndani na kamba mama inalala katikati. Kamba iliyosokotwa kwa mkono wa kulia ikunjwe kufuata mshale wa saa, la sivyo inajitia vifundo yenyewe. Na nafasi kati ya matawi izidi urefu wa tawi mara mbili: kwa tawi la sentimita 50, zaidi ya mita 1, ili ndoana jirani zisifikiane.

Kambale huvuruga hesabu hii. Akinaswa hujiviringisha mpaka tawi likajizungusha kwenye kamba mama kama mzabibu. Samaki aitwaye monde naye ana miiba ya mapezi inayosimama na kujifunga, na mkono wenye haraka hujuta. Nionavyo, kufumua tawi la namna hiyo majini ni kupoteza muda: likate, weka la akiba lenye kitanzi tayari, fundo utalishughulikia nyumbani.

Chambo nacho kina deni lake. Kipande cha sabuni ya kufulia kinavutia kambale Zambia kama kinavyofanya kwenye mito ya Marekani. Hakiozi, na vidagaa hawakidonoi ovyo. Lakini utelezi wake hubaki kwenye nyuzi na kukusanya mchanga, hivyo dhulumati ya sabuni ioshwe kabla ya kukunjwa.

Uvuvi ukifungwa upande wa Zambia, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, beseni linahitaji matunzo mengine. Nailoni ikauke kivulini, kwa kuwa jua huila taratibu. Ndoana zipakwe mafuta kidogo ya kupikia, zilizolika zing'olewe. Kisha beseni lifunikwe na kutundikwa darini kwa waya, maana panya akisikia harufu ya samaki hatofautishi minofu na uzi.