Fundi wa Tambi

Jiko la mchina, lile la tambi na mafuta ya taa, likitengenezwa vizuri halijitangazi. Linawaka buluu, halinuki, na sufuria ikiepuliwa kitako chake hakina masizi. Hapa Ngokolo, Shinyanga mjini, watu hulikumbuka siku linapogoma: moto umekuwa wa njano, maharage yananuka mafuta ya taa, ukuta wa chumba unaanza kuwa mweusi. Ndipo linapofungwa kwenye kitambaa chakavu na kupelekwa kwa fundi.

Fundi ninayemsifu anafanyia kazi chini ya mwarobaini, na vifaa vyake vinaenea kwenye ndoo moja: koleo, mkasi, bisibisi, msasa, sindano ya gunia, kipande cha chaki. Jiko likiwekwa mezani haligusi kwanza. Anamuuliza mwenye jiko, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma:

“Mayu, mafuta haya ulinunua wapi?”

Swali hilo ndilo kazi yenyewe inapoanzia. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 hivi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali kuliko barafu. Kiasi kidogo tu cha petroli kikiingia kwenye tangi, jiko la kuchemshia chai linageuka bomu. Na kuchanganyika si jambo gumu katika ukanda huu wa machimbo, kutoka hapa hadi Geita, ambako petroli ya pikipiki na ya pampu za maji huuzwa kwa chupa na madumu yaleyale yanayobeba mafuta ya taa. Fundi anadondosha tone kwenye karatasi, mbali na moto wowote, anasubiri. Petroli hukauka upesi na kuondoka. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokaa. Akiwa na shaka, mafuta yote hayarudi kwenye jiko, hata mwenye jiko alalamike vipi. Na malalamiko yapo, kwa sababu mafuta ya taa ni ghali tangu bajeti ya mwaka 2011, serikali ilipoyapandishia kodi ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli.

Tangi likishamwagwa, anaangalia kilichobaki chini. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hujikusanya sakafuni mwa tangi pamoja na kutu, palepale tambi zinapokunywa. Jiko linalotatarika na kurusha cheche mara nyingi linakunywa maji.

Kisha tambi. Hapa ndipo ningependa kila mtu asimame atazame. Utambi mzuri ni pamba, na Usukuma ni nchi ya pamba. Pamba hiyo hudumu katikati ya moto kwa sababu kinachowaka ni mvuke wa mafuta, na mafuta yanayopanda bila kukoma huupoza uzi. Mafuta yakiisha jiko likaendelea kuachwa, moto unaanza kula pamba yenyewe, na kichwa cha utambi kinakuwa kaa gumu lisilonyonya. Hita za vyumba wanazotumia Wajapani majira ya baridi hufuata kanuni hiyohiyo, ila nyingi zina utambi mmoja wa duara ambao ncha yake imefumwa kwa nyuzi za kioo.

Fundi anachomoa utambi mmoja mmoja, anakata kaa, anaurudisha kwenye mrija wake. Anaupima kwa kidole. Ukibana sana mafuta hayapandi. Ukilegea, panabaki upenyo pembeni, na mwali unaweza kushuka kupitia upenyo huo hadi kwenye mvuke wa tangi. Kwa hiyo utambi uliolegea hauongezewi uzi wa nguo wala kipande cha nailoni, kama wafanyavyo wenye haraka. Unatupwa, unawekwa mnene zaidi. Zikishaingia zote, anainamisha jicho usawa wa meza na kuzikata zilingane. Utambi mmoja ukizidi wenzake kwa unene wa ukucha, ndio utakaotoa ulimi wa njano na masizi ya jiko zima.

Vikopo viwili vya matundu vinavyokaa juu ya tambi vina kazi ambayo wengi hawaifikirii: vikipata moto, vinavuta hewa kupitia matundu na kuichanganya na mvuke, na hapo ndipo buluu inapotokea. Anazibua matundu kwa sindano, ananyoosha palipobonyea, anahakikisha vimekaa sawa. Moto wa njano ni moto uliokosa hewa. Hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu, ndiyo maana huwa anauliza kama chumba kina dirisha.

Kuvuja anakutafuta kwa chaki. Anasugua mshono wa tangi kwa nje mpaka uwe mweupe, anatia mafuta kidogo ndani, anaendelea na shughuli nyingine. Mafuta ya taa hupenya ufa ambao maji yangeshindwa, na mstari wa unyevu ukijichora kwenye chaki, ufa umepatikana. Kuuziba kwa moto ni hatari kuliko yote, kwa kuwa tangi tupu limejaa mvuke. Hulisafisha kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, huliacha wazi juani, na akianza kulehemu hulijaza maji hadi karibu na ufa. Kutu ikiwa imekula sana, kulehemu hakuna. Anamwambia mwenyewe anunue jingine, na hamtozi kitu.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono. Lakini leo jioni kuna chumba cha kupanga ambacho kitapikia mafuta ya taa, na mikono hii ndiyo inayokilinda.

Tambi mpya huachwa zilowe kama nusu saa kabla ya kiberiti. Jiko linawashwa nje, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na fundi hatoi hukumu mapema: dakika za mwanzo moto huwa wa njano mpaka vikopo vipate joto. Ukitulia, anashusha tambi uzime wenyewe, bila kupuliza. Jiko likipoa anamimina mafuta yote kwenye dumu la mteja, anafunga vizuri. “Bodaboda unapanda na jiko kavu, mayu. Mafuta utatia nyumbani, kabla hujawasha.”