"Kwenda Kulia" Katika Gofu: Tahakiki ya Istilahi

Istilahi mbaya haifichi maana tu, bali humpotosha pia anayeitumia. Mfano mmoja umo katika mchezo wa gofu, unaochezwa nchini katika miji kama Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro. Mpira ukiikosa shabaha kwa upande wa kulia, husemwa kwa ujumla kuwa "umekwenda kulia". Kulitohoa neno la Kiingereza na kusema "slesi" hakutatui tatizo, kwani neno hilo limekwisha shika nafasi yake kwenye mkate.

Kasoro ya kwanza ya "kwenda kulia" ni kuchanganya makosa mawili. Mkulima wa pamba wa Bariadi, mkoani Simiyu, alimaye kwa plau ya ng'ombe, angeitambua tofauti hiyo mara moja. Kuna mfuo ulionyooka lakini ulianza kwa kuelekea kusiko. Na kuna mfuo ulioanza vyema, kisha ukapinda. Yote miwili huishia pabaya, lakini hairekebishwi kwa njia moja.

Ndivyo ulivyo mpira wa gofu. Uso wa fimbo na njia ya fimbo vikielekea kulia pamoja, mpira huruka kulia bila kupinda. Hapo yafaa kuchunguza miguu na mabega yameelekea wapi, na kama mpira haukuwekwa nyuma mno. Lakini uso ukifunguka kuliko njia ya fimbo, mpira huzunguka kiubavu na kupinda kulia hewani. Hapo huchunguzwa mshiko na njia ya fimbo. Mchezaji aliyeambiwa tu kwamba mpira "unakwenda kulia" huyageuza mabega kushoto. Njia ya fimbo huzidi kwenda kushoto, uso ukabaki ulivyo, na mpira ukapinda zaidi. Neno limemzidishia ugonjwa.

Kasoro ya pili ni kwamba kwa mchezaji wa mkono wa kushoto kosa lile lile huupeleka mpira kushoto. Istilahi haina budi kutokana na dhana yenyewe, si na mkono utumiwao na wengi.

Twapendekeza "mpindo wa nje" kwa mpira unaopinda, na "mnyooko wa nje" kwa ule unaopotea bila kupinda. "Nje" ikiwa na maana ya upande ulio mbali na mchezaji. Vinyume vyake vitakuwa "mpindo wa ndani" na "mnyooko wa ndani". Twakiri kuwa "nje" likisimama peke yake laweza kudhaniwa kuwa ni nje ya uwanja; kwa hiyo lisitengwe na mwenziwe.

Kipimo cha istilahi hizi ni rahisi. Mwanafunzi wa Bariadi ambaye hajauona uwanja wa gofu akisikia "mpindo wa nje", na akaelezwa mchezaji amesimama wapi, aweze kuichora njia ya mpira mchangani kwa fimbo yake ya kuchungia. Kwa "kwenda kulia" hawezi.