Mwimbaji, Mume na Jina la Mwenzake: Kuhusu Kumbukumbu za Pete Seeger

Tanzia ni utanzu wenye desturi zake. Marehemu husifiwa kwanza kwa kazi yake mbele ya umma, kisha kwa tabia yake nyumbani, na ni nadra sehemu hizo mbili kukutana. Pete Seeger, mwanamuziki wa Marekani aliyezaliwa New York tarehe 3 Mei 1919 na kufariki katika mji huo huo tarehe 27 Januari 2014, aliombolezwa kwa kufuata desturi hiyo barabara. Alitajwa kuwa mtumishi mwaminifu wa nyimbo za kijadi kwa zaidi ya miaka 70, na tena, mara nyingi katika aya za mwisho, kuwa mume mwema. Sifa zote mbili alizistahili. Lenye kasoro ni ule mpaka uliowekwa baina yake, maana swali lililo gumu zaidi katika maisha ya Seeger, yaani ni nani hasa aliyetajwa na ni nani aliyesahauliwa katika kazi iliyobeba jina lake, haliwezi kujibiwa ila kwa kuzisoma sehemu hizo mbili pamoja.

Mkondo wa maisha yenyewe wajulikana. Baba yake, Charles Seeger, alikuwa mtaalamu wa elimu ya muziki. Mwaka 1936, katika tamasha moja huko Asheville, North Carolina, kijana huyo alisikia banjo ya nyuzi tano, ala ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na iliyovushwa bahari na watu waliotiwa utumwani. Miaka miwili baadaye aliacha masomo ya Harvard. Aliimba na Woody Guthrie katika kundi la Almanac Singers, kisha akashiriki kuunda kundi la Weavers. Mwaka 1955 aliitwa mbele ya Kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwaandama waliodhaniwa kuwa Wakomunisti. Akakataa kujibu maswali kuhusu imani na marafiki zake. Alihukumiwa kifungo mwaka 1961, na hukumu hiyo ikatanguliwa na mahakama ya rufani mwaka 1962. Haya yamesimuliwa mara nyingi na kwa ufasaha, wala hayahitaji kurudiwa kwa urefu.

Yaliyosimuliwa kwa pupa ni ya Toshi. Toshi Aline Ohta alizaliwa München, Ujerumani, mwaka 1922, baba yake akiwa Mjapani na mama yake Mmarekani. Alifunga ndoa na Seeger tarehe 20 Julai 1943. Mwaka 1949 walinunua ardhi huko Beacon, kando ya mto Hudson, wakajenga kibanda cha magogo ambacho hapo awali hakikuwa na umeme wala maji ya mfereji. Katika miaka ambayo mumewe alipigwa marufuku katika televisheni na kumbi kubwa, Toshi ndiye aliyepanga maonyesho ya shuleni na vyuoni, akaandika barua, akapokea simu, akatunza hesabu na kulea watoto. Alikuwa pia mtengenezaji wa filamu: ile ya mwaka 1966 kuhusu nyimbo za kazi za wafungwa weusi wa Texas ina mkono wake. Tamasha la Clearwater, lililochangisha fedha za kuusafisha mto Hudson, lilimtegemea mno.

Mhakiki akitaka ushahidi wa namna mchango huo ulivyotajwa, na atazame orodha ya watayarishaji wa kipindi cha televisheni cha Rainbow Quest, kilichofanywa miaka ya 1965 na 1966. Toshi alishiriki kukiongoza kipindi hicho. Hata hivyo cheo alichoandikiwa ni cha mpishi mkuu na mwosha chupa. Bila shaka huo ulikuwa utani wa nyumbani, na yawezekana Toshi mwenyewe aliufurahia. Lakini utani ukishaandikwa huwa ni maandishi kama maandishi mengine, na husomwa na wasioijua nyumba hiyo. Msomaji wa aina hiyo anapewa jiko mahali alipostahili kupewa kazi.

Upande wa pili wa ushahidi wapaswa kutolewa pia. Seeger alipotia muziki maneno ya Kitabu cha Mhubiri katika wimbo wa "Turn! Turn! Turn!", Toshi alitunga beti zake mwenyewe kwa ajili ya watoto wao, na mumewe hakuficha kwamba beti hizo ni za mkewe. Mapenzi ya Seeger kwa mkewe hayana shaka. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, atakumbuka kwamba katika Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni mke anayeieleza ndoa kwa kinywa chake, tena mume akiwa amekwisha kufa. Toshi alifariki tarehe 9 Julai 2013, siku 11 kabla ya kutimia miaka 70 ya ndoa, na kwa hiyo ndoa hiyo imefika kwa watu zaidi kwa sauti ya mume na ya waandishi waliomhusudu.

Hapa ndipo inapofaa kuuleta wimbo wa Solomon Linda, ambao tanzia nyingi ziliutaja kama jambo la kando. Linda, Mzulu wa Natal, aliurekodi wimbo wa "Mbube" huko Johannesburg mwaka 1939 pamoja na kundi lake la Original Evening Birds, akauza haki zake kwa shilingi 10. Santuri hiyo ilimfikia Seeger kupitia kwa Alan Lomax. Seeger aliyafuata maneno kwa sikio, na Weavers wakautoa wimbo huo kwa jina la "Wimoweh". Neno lililoimbwa na Linda ni uyimbube. Kwa mwanaisimu wa lugha za Kibantu halina fumbo: u- ni kiambishi cha nafsi, -yi- ni kishirikishi, na mbube ni simba. Kiswahili kingesema "u simba" au "yu simba", na Kizulu huzipambanua nafsi hizo mbili kwa toni. Hata upotoshaji wenyewe una mantiki ya kifonetiki. U na yi zimeungana zikawa wi. B ya silabi ya mwisho hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo, kama b ya Kiswahili, na sikio lililozoea Kiingereza laweza kuisikia kuwa w.

Kosa la sikio lasameheka; wanafunzi wa lugha hulifanya kila siku. Zito zaidi ni la maana. Seeger alizoea kuwaeleza wasikilizaji kwamba wimbo huo wahusu Shaka, mfalme wa mwisho wa Wazulu, simba asiyekufa bali aliyelala. Shaka hakuwa wa mwisho. Wala neno lenyewe halisemi habari za usingizi: lamthibitisha mtu kuwa simba. Katika toleo la Kiingereza la mwaka 1961, lile la kundi la Tokens, simba huyo alilazwa kabisa.

Na fedha? Weavers waliandikisha wimbo kwa jina la kubuni la Paul Campbell. Seeger alipotambua kwamba una mtunzi, alimpelekea Linda dola 1,000 na kumwagiza mchapishaji wake ampelekee fungu lake la mrabaha. Agizo hilo halikutekelezwa ipasavyo. Linda alikufa maskini mwaka 1962, na binti zake hawakufikia mapatano ya haki hadi mwaka 2006, baada ya mwandishi Rian Malan kulifichua jambo hilo mwaka 2000. Seeger alijuta hadharani, akaeleza kwamba siku zote mambo ya fedha aliwaachia wengine.

Maelezo hayo ndiyo yanayoiunganisha nyumba na jukwaa. Nyumbani, huyo "mwingine" alikuwa Toshi, mtu mwaminifu aliyelipa madeni na kuhakikisha barua zimejibiwa. Mume angeweza kumwachia kila kitu na asidhuriwe na mtu. Inaelekea mazoea hayo ya kuaminiana ndani ya ndoa yalihamishiwa ofisini, mahali ambapo wengine hawakuwa Toshi. Anayeandika kwamba Seeger hakujali mali anasema kweli, ila kutojali huko kulikuwa na wagharimiaji wawili: mke mmoja huko Beacon, aliyekuwa radhi, na mtunzi mmoja wa Johannesburg ambaye hakuulizwa. Leo jina la Linda limerudishwa katika hati za wimbo. Waimbaji wengi wangali wanatamka wimoweh.