Bomba la Maji Moto Litazamwe Saa Saba Mchana

Kuna nyumba ya wageni karibu na njia panda ya Ahero, pale barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Nairobi, iliyowekewa sola hita mpya. Kila anayepita anaisifia. Tenki linang'aa, paneli mbili zimelala sambamba juu ya mabati, na picha zake zimezunguka kwenye simu mpaka Awasi. Nimepanda juu nikaitazama. Ile kazi ni mbovu, na inaniudhi kwamba aliyeifanya ndiye sasa anayeitwa kila boma.

Watu wanatazama tenki. Tenki limetoka kiwandani, fundi hana sifa yoyote hapo. Kazi yake ni mabomba, na kwenye mabomba ni mwinamo.

Hita isiyo na pampu inazungusha maji kwa tofauti ya uzito peke yake. Lita ya maji ya nyuzi 20 ina gramu 998. Lita hiyohiyo ya nyuzi 60 ina gramu 983. Ni gramu 15 tu. Kwa kila mita ya kimo unapata msukumo sawa na maji ya kina cha milimita 15, na huo ndio unaotakiwa kupandisha maji moto tenkini na kurudisha ya baridi kwenye paneli siku nzima. Msukumo huo hauvuki mgongo. Bomba likipanda, likashuka kidogo, kisha likapanda tena, hewa inayotoka kwenye maji yanayopata joto inajikusanya pale juu, na mzunguko unakufa. Paneli inaungua, tenki lina uvuguvugu, na mwenye nyumba anaambiwa alinunua tenki baya.

Hata wanaojua habari ya mwinamo hukosea saa ya kuutazama. Wanakuja asubuhi, wanafumba jicho moja, wanaona bomba limenyooka, wanalipa. Siku hizi kila kitu ni bomba la plastiki la PPR, na PPR hurefuka ikipata joto: mita 10 zikiongezewa nyuzi 50 zinakua kwa sentimita 7 na nusu hivi. Urefu huo lazima uende mahali. Unakwenda chini, kati ya kibanio na kibanio, na bomba linafanya tumbo. Baina ya tumbo na tumbo panabaki mgongo, na mgongoni ndiko hewa inakokaa. Jua likizama bomba linajivuta tena, na kesho asubuhi huoni kitu. Ndiyo maana nasema panda juu saa saba mchana, mabati yakiwa hayashikiki. Piga jicho kutoka ncha ya paneli hadi tenkini. Ukiona wimbi hata la upana wa kidole, kazi imeharibika.

Baina ya paneli na tenki pawe na chuma au shaba. PPR ibaki kwenye ugawaji, kutoka tenkini kwenda bafuni, na huko nako vibanio viwe karibu karibu. Sibishani na mtu juu ya hilo.

Mzee aliyenifundisha alitoka karakana za bandarini Kisumu, ambako mabomba ya mvuke ya meli yalikuwa kazi ya kila siku. Hakuamini macho yake, wala hakuamini pimamaji fupi. Alitembea na mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, akaujaza maji, akashika ncha moja kwenye paneli na kijana akashika nyingine tenkini, kisha akaweka alama kwa chaki: sentimita 2 kwa kila mita, si chini ya hapo. Uzi wa bomba aliukata mwenyewe na kuufunga kwa katani. Utepe mweupe aliuona kuwa wa kufungia zawadi, nami naona hivyo hivyo mpaka leo. Kabla ya kukabidhi kazi alilegeza kiungo cha juu kabisa na kungoja hadi maji yatoke bila kukohoa. Mafundi wa namna ile walikuwa wengi Kisumu. Tangu kanuni za 2012 zilipotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawe na sola hita, kila mwenye spana ya bomba amekuwa fundi wa sola.

Wengine wanasifiwa kwa kuelekeza paneli kaskazini. Ahero iko karibu kabisa na ikweta. Jua linakaa kaskazini tangu Machi hadi Septemba, na kusini miezi iliyobaki, kwa hiyo kaskazini hupati ziada. Ziada iko mashariki. Uwanda huu wa Kano una asubuhi nyeupe, na alasiri mawingu ya ziwa yanapanda na kuziba jua. Paneli itazame mashariki, kwa digrii 15, ili maji yapande na vumbi lioshwe na mvua.

Tako la tenki liwe juu ya kichwa cha paneli kwa sentimita 30, la sivyo usiku maji yanageuza njia na joto linarudi kwenye paneli na kupotea. Alfajiri shika bomba la juu la paneli. Likiwa na joto, tenki limekuwa likivuja joto usiku kucha. Kwenye kona ya chini kabisa pawe na koki ya kutolea tope. Asiyeiweka hayajui maji ya mto Nyando. Bomba la kupumulia lisizibwe kamwe, hata likidondosha. Nimeona lililozibwa kwa kizibo cha mbao, na watoto wanaoga chini yake.

Halafu kuna matapeli. Matenki mengi yana koili ya umeme ya siku za mvua. Tapeli anaiwasha usiku wa kuamkia makabidhiano, asubuhi mama mwenye nyumba anafungua koki, mvuke unapanda, anashika mkono wa fundi kwa shukrani. Miezi inapita, tokeni za umeme zinaliwa, na hakuna anayeshuku paa. Kwa hiyo zima swichi ya koili, toa fyuzi uitie mfukoni, oga siku mbili za jua kali, na fedha ya mwisho ya fundi usiitoe kabla ya jioni ya siku ya pili.