Sahihi ya Agosti 24

Mswada wa kikomo cha riba haukustahili sahihi ya Rais. Nimelisema hilo tangu 2016 na sijaona takwimu ya kunigeuza. Wachambuzi wengi wa soko la Nairobi huhadithia anguko la hisa za benki la mwaka ule kana kwamba bei zilijishukia zenyewe. Zilishushwa. Uhuru Kenyatta alitia sahihi Agosti 24, na kesho yake KCB, Equity na wenzao wakaporomoka kwa karibu asilimia 10, mwisho wa kushuka unaoruhusiwa kwa siku moja.

Turudie hesabu, maana wabunge waliopitisha mswada hawakuifanya. Kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 10.5. Sheria ikasema benki isitoze zaidi ya pointi 4 juu yake, yaani 14.5, na mwenye amana asilipwe chini ya asilimia 70 ya kiwango hicho, yaani 7.35. Sasa kaa kwenye kiti cha afisa wa mikopo. Mbele yako yuko muuza mitumba wa Gikomba. Hana hati ya shamba, na mauzo yake yamo kwenye daftari na kwenye simu. Jana ungemkopesha kwa 19 au 20, na ile ziada ingefidia hasara ya wasiolipa. Leo mwisho ni 14.5. Upande wa pili iko Hazina ya Kitaifa, inakopa kwa bili za mwaka mmoja kwa asilimia 10 na ushee, na huhitaji kumtuma mtu akaifuatilie. Muuza mitumba alirudi nyumbani mikono mitupu, na benki haikuvunja sheria yoyote.

Sheria ilianza kazi Septemba 14. Siku sita baadaye Kamati ya Sera ya Fedha ikapunguza kiwango hadi asilimia 10. Kwa kawaida hatua hiyo hulegeza mikopo. Safari hii ilikaza, kwa sababu kikomo nacho kilishuka hadi 14, na kundi jingine la wakopaji likabaki nje ya mlango. Benki Kuu ikajikuta kila ikitaka kuusaidia uchumi, inaunyima fedha. Gavana Patrick Njoroge alikuwa ameonya, na hakukosea.

Najua jibu la watetezi: mikopo ilikuwa imeanza kupungua kabla, baada ya Imperial Bank kufungwa Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016. Ni kweli, na ndiyo sababu kosa linakuwa kubwa zaidi. Benki zilizojaa woga zilipewa kisingizio cha kisheria. Kufikia mwisho wa 2017 mikopo kwa sekta binafsi ilikua kwa asilimia 2.4 tu, chini kabisa ya mfumuko wa bei.

Na yule mkopaji aliyedaiwa kulindwa? Alikwenda kwenye simu. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilikuwa ikikata asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30 na kuiita ada, kwa hiyo kikomo hakikuigusa. Anayekopa hivyo mwezi baada ya mwezi hulipa asilimia 90 kwa mwaka.

Kabla ya Uhuru, Rais Mwai Kibaki alizishusha riba bila sheria ya namna hii. Serikali yake ilipoingia, bili za siku 91 zilianguka hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2003. Benki zilipokosa faida ya bure Hazina, zikaanza kuwatafuta walimu na makarani kwa mikopo isiyo na dhamana. Mwaka huohuo kielezo cha NSE 20 kilipanda takriban mara mbili. Serikali ya 2016 ilikuwa na njia hiyo hiyo: ipunguze tamaa yake ya kukopa. Haikutaka, ikazitupia benki lawama.

Mwekezaji mdogo ndiye huumia nasi tunamsahau, kama tulivyomsahau 2008 alipokopa kununua hisa ya Safaricom kwa shilingi 5, kisha akaiona ikishuka chini ya bei hiyo miezi michache baadaye. Mwaka 2016 aliuza hisa za benki kwa hofu, huku waliokuwa na subira na fedha wakizikusanya.

Kikomo kiliondolewa Novemba 2019, na hapo Uhuru alifanya sawa kuurudisha Mswada wa Fedha bungeni ili kifutwe.

Wewe mwenye hisa za benki, ripoti ya mwaka ikitoka usikimbilie faida na gawio. Tafuta kwanza hatifungani na bili za serikali, uzipime dhidi ya mikopo kwa wateja. Za serikali zikipanda na mikopo ikasimama, uliza kwenye mkutano mkuu wa wanahisa kwa nini. Una haki ya kujibiwa.